Fundo la Alec

Barua ya Ukumbi wa Heshima, ule unaowatunuku magwiji wa mchezo, ilipofika, Delima Skidders aliisoma mara moja, akaikunja, akaiweka chini ya kopo la sukari, na kwa siku nne hakumwambia mtu. Siku ya tano mjukuu wake Charlene alikuja kumfulia nguo, akanyanyua kopo atie sukari kwenye chai, akaikuta.

"Bibi! Hii ni nini? Wanamtunuku Babu! Wachezaji watatu, kocha mmoja, na mchangiaji mkuu wa mchezo wa lakrosi, na huyo mchangiaji ni Babu! Na wewe umeikalia tu?"

"Kwani inaoza?"

"Tunakwenda, Bibi."

"Magoti yangu hayaendi popote."

"Magoti nitayabeba mimi. Wewe lete mdomo, maana ndio uliobaki mzima."

Delima alicheka kidogo, kwa sababu Charlene kwa maneno ni babu yake mtupu. Kisha akaichukua barua akairudisha palepale chini ya kopo.

Alec, mumewe, alikuwa amekufa miaka tisa nyuma, lakini huku kwetu mtoni jina lake lilikuwa halijapoa. Alikuwa mtengeneza fimbo za lakrosi, mchezo wa kudaka na kurusha mpira kwa fimbo yenye wavu kichwani. Siyo hizi za plastiki za madukani, la. Fimbo zenyewe, za mti wa hikori, zinazopasuliwa kwa shoka, zikapikwa kwa mvuke, zikakunjwa kichwa, zikatundikwa kibandani miezi kumi zikauke, ndipo zikachongwa na kutiwa wavu. Wanaume walikuja kutoka kila kijiji cha watu wetu, wenyeji wa asili wa nchi hii, pande zote mbili za mpaka, wakangoja zamu yao majira mawili ya baridi bila kunung'unika. Na walichokifuata hasa ni ule wavu. Wavu wa Alec ulikuwa haulegei. Kamba zake za ngozi ziliishia kwenye fundo moja dogo, bapa, lililolalia kushoto, ambalo likilowa mvua ndiyo kwanza linakaza. Watu waliliita fundo la Alec. Wako waliolifungua makusudi ili walijue, wakashindwa kulifunga tena, wakarudi na fimbo kwapani na aibu usoni, na Alec akawacheka: "Iacheni hapa. Njooni Alhamisi."

Sasa kweli yenyewe ni hii: Alec Skidders hakulifunga fundo hilo hata siku moja maishani mwake.

Alikuwa mpanda vyuma, kama nusu ya wanaume wa huku, wale wanaojenga madaraja na maghorofa ya watu wengine. Mwaka wa sabini boriti ilimbana mikono yote miwili darajani. Mkono wa kulia alibakiwa na kidole gumba na kimoja cha pembeni. Wa kushoto vidole vyote vilikuwepo ila havikukunjika tena. Alirudi nyumbani vuli hiyo akakuta fimbo kumi na moja zinaning'inia kibandani, zimekauka, zinangoja wavu, na kila moja ina mwenyewe anayeihesabia siku. Shoka aliliweza kwa kujifunga mkanda kiganjani. Kisu cha kuchongea alikiweza, kwa jasho na matusi. Lakini kamba ya ngozi ilimponyoka kila alipoishika. Akaanza kunywa kabla ya chai.

Asubuhi moja Delima alikuwa jikoni anasuka kikapu, maana hiyo ndiyo kazi yake na ya mama yake na ya bibi yake, vikapu vya mbao laini na nyasi tamu, akasikia mtu analia kibandani. Akatoka, akasimama mlangoni. Hakuvuka kizingiti.

Hakuvuka kwa sababu fimbo ya mbao ni ya mwanamume. Mtoto wa kiume akizaliwa anawekewa yake kitandani. Akifa anawekewa yake jenezani, mkono wa kulia, kwa sababu huko aendako Muumba anachezesha, na mchezo huo ndio wake hasa, sisi huku tumeazimwa tu, wa kumfurahisha na wa kuponyea wagonjwa. Mwanamke haigusi. Akiigusa, fimbo inasemwa imekufa, na mwenyewe huiacha palepale wala haigombei. Delima tangu akiwa mdogo alikuwa akizizunguka fimbo za kaka zake sakafuni, na hakuna aliyehitaji kumkumbusha.

"Delima, njoo," Alec alisema.

"Siji."

"Njoo, nakwambia. Nimechoma tumbaku ya maombi tangu alfajiri. Nimewaomba radhi wazee waliotangulia. Nimeeleza kila kitu. Nimesema mikono yangu imehamia kwako."

"Wamejibuje?"

"Hawajajibu."

"Basi tungoje wajibu."

"Delima." Alimnyanyulia mikono ile miwili ili aione vizuri. "Mimi sina kitu kingine. Ukiniacha hivi, mpaka masika hunikuti."

Naye alimjua, alijua hasemi kwa kutishia. Akavuka kizingiti.

Hivyo ndivyo walivyoishi miaka ishirini na minane. Asubuhi watoto wakishakwenda shule, Delima aliingia kibandani akajifungia kwa ndani, na Alec akakaa nje kwenye ngazi, mikono mifukoni, akilinda. Akija mtu alimwambia, "Wavu haujalala. Fimbo mbichi haitazamwi." Watu walimwamini mpaka wakapitiliza. Wakasema Alec ana utakatifu wake, na watengenezaji wengine nao wakaanza kufunga milango, eti ndiyo desturi ya kale. Desturi ya kale! Ilikuwa na umri wa miezi mitatu.

Na lile fundo ambalo wanaume walilitafuta katika vifundo vya meli, vya mitego na vya wapanda vyuma, lilikuwa fundo la mpini wa kikapu. Bibi yake Delima alimfundisha akiwa na miaka sita. Lilikuwa limekaa katika kila nyumba ya huku, kwenye kikapu cha mkate, juu ya meza, mbele ya macho yao, na hakuna mwanamume hata mmoja aliyewahi kulitazama.

Je, alijivunia? Alijivunia, tusidanganyane. Jumapili alikaa jukwaani na wanawake wenzake, akaona mpira unatoka kwenye wavu wake unaingia golini, akajibana asipige kelele kuliko wengine. Ila wanaume huzeeka. Kila palipokuwa na msiba Delima alikwenda jikoni kwa Nyumba Ndefu, nyumba yetu ya ibada na mikutano, kupika supu ya mahindi, na hakukaribia jeneza, maana alijua kilicholala mle pembeni ya mkono wa kulia. Fimbo zake kumi na nane zilikuwa zimekwenda chini hivyo.

Ya kumi na tisa ilikuwa ya Wallace.

Wallace alikuwa mwanawe wa mwisho, baba yake Charlene. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, mkorofi, mcheshi, mwenye shuti la chini lililowaliza makipa wa miji mitatu. Fimbo yake Delima aliisuka ukuta wa wavu mara mbili kwa ajili ya shuti hilo, akaimba huku anaisuka. Mwezi wa Machi mwaka wa themanini na nane Wallace alivuka mto ulioganda kwa pikipiki ya theluji, barafu ikapasuka chini yake, na walimpata baada ya siku sita.

Aliyemwekea fimbo jenezani ni Ferris Papineau, kocha wake, ambaye pia ndiye anayesimamia mchezo wa kuponyea wagonjwa hapa kwetu, kwa hiyo mambo haya ni yake. Ferris aliiweka, akaukunja mkono wa kijana juu yake, akamwambia kwa lugha yetu, taratibu, kama anayemwelekeza mgeni njia: "Ukifika watakuuliza fimbo. Usibabaike. Nyoosha mkono wa kulia tu, ipo." Watu walilia. Delima alikuwa safu ya tatu. Alec pembeni yake alitazama sakafu.

Waliporudi nyumbani alimuuliza mumewe, gauni jeusi bado lipo mwilini. "Alec, wataipokea?"

"Nyamaza."

"Nakuuliza. Amekwenda na fimbo niliyoigusa mimi. Wataipokea, au amesimama pembeni anatazama wenzake?"

"Nyamaza, Delima, nakuomba," Alec alisema, na miaka yake yote iliyobaki hakulijibu swali lile.

Tangu siku hiyo Delima alitaka kitu kimoja tu duniani: mtu anayejua amwambie kama Wallace anacheza au hachezi. Na anayejua ni Ferris. Lakini kumuuliza Ferris ni kumwambia Ferris, na kumwambia Ferris ni kuwafukua watu kumi na tisa na kumvua Alec nguo mbele ya watu. Basi alikaa nalo. Aliendelea kusuka fimbo miaka kumi mingine, kwa sababu hakukuwa na namna ya kuacha bila kueleza kwa nini.

Ndiyo maana barua ilikaa chini ya kopo. Kilichomtoa nyumbani siyo maneno ya Charlene bali ni mstari wa mwisho, ulioorodhesha wengine watakaotunukiwa: kocha alikuwa Ferris Papineau. Na Ferris alikuwa na saratani ya mapafu, kijiji kizima kilijua. Asipomuuliza sasa, atamuuliza nani?

Walikwenda Jumamosi, mwendo wa saa tatu kwa gari, Charlene akiendesha na kula chipsi kwa mkono mmoja. Njia nzima Delima alilipanga swali lake. Alilipinda hivi na vile, ili liulize bila kusema.

Ukumbi ulikuwa na joto la mashine na taa nyingi, meza zimetandikwa nguo nyeupe, na makabati ya vioo ukutani yenye jezi za marehemu. Watu wetu walikuwa wamejaa meza sita. Wanawake walileta kikapu kikubwa cha nyasi tamu kuwa zawadi kwa wenyeji, kikawekwa mbele kwenye meza ya tuzo. Karibu yake, imetundikwa kwa waya, ilikuwepo fimbo ya Ferris, ile Alec aliyomtengenezea mwaka wa sabini na nne. Msimamizi wa ukumbi, Bwana Whitcomb, mtu mpole mwenye tai ya kipepeo, alimwandikia Ferris barua tatu akiomba waiweke kwenye kioo moja kwa moja. Ferris alikubali kuwaazima kwa siku moja tu.

"Shemeji!" Ferris alimwona Delima akaja, anajikongoja kwa mkongojo, amekonda mpaka koti linamcheza. Yeye na Alec walikuwa kama waliozaliwa tumbo moja. "Umekuja kuhakikisha hawamsifu Alec kupita kiasi?"

"Nimekuja kula kuku wao."

"Kuku mkavu huyo, jihadhari. Mimi nimeshindwa, nikasingizia ugonjwa." Alikaa, akavuta pumzi, ikachukua muda kuja. "Daktari amenipa mpaka theluji ya kwanza. Nikamwambia, bwana, theluji ya kwetu inawahi, niongeze kidogo. Akakataa."

"Ferris, acha mzaha."

"Nifanye nini sasa, nilie? Huyu Whitcomb naye kanikalia kooni na fimbo yangu. Nimemwambia, siku ukinizika mimi ndani ya kabati la kioo, fimbo utaipata. Mimi nakwenda nayo, shemeji. Sina hofu hata kidogo. Fimbo ya Alec mkononi, nani ataniambia nini? Na nikimkuta Wallace kule nitamwambia mama yako bado ana mdomo."

Delima akamsogelea. Akaona njia imefunguka yenyewe. "Ferris. Mtu akizikwa na fimbo yenye kasoro. Kasoro ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Inakuwaje?"

"Kasoro gani?"

"Kasoro tu. Ya utengenezaji."

"Fimbo ya Alec iwe na kasoro?" Ferris alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kikageuka kikohozi. "Usinichekeshe, shemeji, utaniua kabla ya kuku." Akainuka, kwa sababu alikuwa anaitwa kusema.

Alisema vizuri, na alisema karibu yote kuhusu Alec. Alisimulia mikono ile. Alisema mtu aliyepokonywa vidole na chuma alifunga fundo ambalo sisi wenye vidole kumi tumeshindwa. Alisimulia alivyokaa na kamba ya ngozi majira mazima ya baridi, analifungua na kulifunga, mpaka mkewe akamtishia kuhamia kwa mama yake. "Siku moja nilimuuliza Alec, ndugu yangu, unalifungaje? Akaniambia, mimi sifungi, Ferris. Nakaa tu, linafungwa. Mnaona unyenyekevu huo?" Watu walifuta machozi. Delima alimjua mumewe, akajua kuwa siku ile Alec alikuwa anasema kweli tupu na anajichekea moyoni. "Na tusimsahau shemeji yetu Delima hapa," Ferris alimalizia, "ambaye kila tulipofika pale mlangoni hakutunyima supu."

Walimpigia makofi ya supu. Supu! Delima alitabasamu kama inavyotakiwa, na hasira ilimpanda, hasira ya miaka ishirini na minane, ambayo hata yeye hakujua kuwa ilikuwa bado nzima. Aliwakasirikia wote, na aliyemkasirikia zaidi ni Alec.

Ndipo Bwana Whitcomb alipokuja na bamba la shaba lenye jina la mumewe, na mpiga picha nyuma yake. Akamwinamia Delima kwa heshima zote, akamwekea bamba mapajani. Na akaona, maskini, kuwa picha itapendeza zaidi ikiwa na kitu cha marehemu. Akaitungua fimbo ya Ferris kwenye waya, akamlazia mapajani.

Watu wa meza sita wakaacha kula. Uma mmoja ulisikika ukiwekwa sahanini. "Bibi," Charlene alisema kutoka ng'ambo ya meza, "inua mikono, Bibi. Inua tu mikono." Ferris alishasimama anakuja kuichukua, bila haraka, anamtabasamia ili asione haya, maana kosa halikuwa lake, na fimbo iliyolazwa juu ya nguo pengine ingeombewa radhi ikasameheka. Kutoka alipokuwa mpaka kwa Delima, kwa mkongojo ule, zilikuwa hatua nane au tisa.

Delima hakuwa ameshika fimbo miaka tisa. Aliitazama. Lile joto la ukumbi lilikuwa limeikausha ngozi, na waya wao ulikuwa umeivuta kamba ya mwisho, fundo limelegea, limefunguka nusu, ncha inaning'inia. Fimbo nzuri hivyo, imeharibiwa na watu wasiojua. Mkono wake wa kulia ukaenda. Akavuta ncha, akailowesha kwa mate, akazungusha mara mbili, akalaza kushoto, akainama akakaza kwa meno, kama alivyokaza fimbo zote. Baadaye aliapa kuwa mikono ilikwenda yenyewe. Kuna siku aliapa hivyo na kuna siku hakuweza kuapa.

Walio mbali waliona kikongwe ameinamia fimbo ya mumewe anaibusu. Mpiga picha alipiga picha. Baadhi ya wanawake walilia, wakasema uchungu umempotosha, asilaumiwe. Ferris peke yake alikuwa amefika karibu, na ncha ya kamba bado imo mdomoni mwa Delima.

Aliliangalia fundo. Lilikuwa dogo, bapa, limelalia kushoto. Kisha akamwangalia Delima.

"Alec alikufundisha," alimnong'oneza. Hakuuliza. Alikuwa anamfungulia mlango atoke.

Delima angeweza kutoka. Neno moja tu, ndiyo, na Alec angebaki Alec. Lakini bamba la shaba lilikuwa linambana mapaja, na maneno ya supu yalikuwa bado masikioni, na Wallace alikuwa amengoja miaka ishirini.

"Ni fundo la vikapu," alinong'ona naye. "La bibi yangu."

Ferris aligeuza kichwa akatazama kile kikapu cha zawadi juu ya meza ya tuzo. Alitazama mpini wake, unapoungana na mdomo wa kikapu. Rangi kidogo aliyokuwa nayo usoni ikamtoka.

"Ngapi?" aliuliza.

"Zote. Tangu sabini."

"Na ya Wallace?"

"Ya Wallace niliisuka kwa roho yangu yote."

Ferris alifumba macho. Alipoyafumbua hakuwa na hasira, na Delima angependa awe nayo. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa ameshafunga mizigo yake, ameketi kituoni, akaambiwa tiketi si yake.

"Ungeniacha nife kwanza, shemeji," alisema. "Wiki chache tu. Ulishindwa nini?"

"Wataipokea, Ferris? Niambie. Nimengoja."

Ferris hakuichukua fimbo. Alimgeukia Bwana Whitcomb, aliyekuwa amesimama pembeni anatabasamu na hajui alichokifanya, akamuuliza kwa lugha yao, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Lile kabati lako la kioo, bado lina nafasi?"

"Kwa fimbo yako? Daima, Bwana Papineau!"

"Basi chukua. Nimekuachia."

"Ferris!" mtu alipaza sauti kutoka meza ya pili. "Fimbo yako, Ferris? Utakwenda na nini?"

"Huku itaonwa na watu," Ferris alisema. Akapeana mkono na Whitcomb, ukumbi mzima ukasimama kushangilia, na akarudi kwenye kiti chake, hatua nane au tisa, bila kugeuka. Wafanyakazi wakaivika fimbo kitambaa, wakaiinua mapajani mwa Delima. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Alikuwa amelitaka na alikuwa amelipata.

Njiani kurudi Charlene alijaribu kumchekesha. "Umewaweza, Bibi. Umebusu fimbo mbele ya wazee wote. Mimi nikigusa ya plastiki wananisema mwaka mzima." Delima alitazama nje ya dirisha, mashamba yaliyokwisha kuvunwa. Alimwambia apunguze joto la gari.

Wiki zilizofuata alingoja. Kila gari lililokata kona alijua ni la wazee, wamekuja na maneno. Hakuja mtu. Ferris alikuwa kitandani, watu wanaingia na kutoka kwake, na hakumwambia yeyote. Jina la Alec lilibaki palepale lilipokuwa. Ile picha ilitundikwa kwenye ukuta wa kituo cha michezo, na wanaopita husimama wakasema mapenzi ya zamani yalikuwa mapenzi.

Theluji ya kwanza iliwahi mwaka ule. Ferris alikufa siku mbili kabla yake.

Msibani Delima alikwenda jikoni kwa Nyumba Ndefu kama kawaida, akachukua mwiko wake. Alikuwa hajalia. Charlene alikuwa anakatakata nyama mezani, na wanawake wawili waliotoka kumwangalia marehemu waliingia wakipangusa miguu, wananong'ona.

"Mmeziona? Mbili!"

"Mbili nini?" Charlene aliuliza.

"Fimbo. Wamemwekea fimbo mbili jenezani. Mpya zote, za yule kijana wa ng'ambo ya mto, hata mikono haijazizoea. Mtoto wake anasema mzee aliagiza mwenyewe. Moja yangu, nyingine mniwekee mkono wa kushoto, nimpelekee Wallace Skidders."

"Baba yangu?" Charlene aliacha kisu. "Si alizikwa na yake?"

"Ndiyo maana tunasema ni zile dawa za maumivu, mwanangu, zinachezea akili. Eti Wallace alifika mikono mitupu. Eti ni kosa la kocha, amengojeshwa sana."

Delima alisikia kila neno. Alishika ukingo wa sufuria kwa mkono mtupu, na ulikuwa wa moto, na hakuuondoa mpaka Charlene alipomrukia akamtoa. Ndipo akalia, kwa sauti, jinsi ambavyo hakulia mwaka wa themanini na nane.

"Miaka ishirini," alisema. "Miaka ishirini, mwanangu mimi."

"Miaka ishirini nini, Bibi? Umeungua, hebu nione mkono. Bibi! Miaka ishirini nini?"

Delima aliutazama ule mkono, kiganja kimekuwa chekundu, vidole vyote vitano vipo. Akajipangusa uso kwa ule mwingine.

"Koroga supu," alimwambia. "Inashika chini."